Nani kakwambia wewe huna lafudhi?

Wadau, kimya changu cha wiki mbili mnisamehe. Kazi ya gazeti ikikubana inakubana kweli, na mimi bado niko kwenye lile kundi la waandishi wanaotumwa kila mahali: leo mahakamani Kisutu, kesho mafuriko Jangwani, keshokutwa bei ya vitunguu. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na lilianzia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, Jumatano moja saa tano asubuhi, nikiwa natafuta begi la mgongoni.

Nilisimama mbele ya meza ya kijana mmoja, nikashika begi jeusi, nikauliza maneno manne tu: "Kaka, hili bei gani?" Yule kijana hakunitajia bei. Aliniangalia, akatabasamu, akasema, "Shinyanga au Mwanza?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Sauti yako inapanda pale isipotakiwa kupanda. Mimi nina miaka kumi na mbili hapa. Mtu akiuliza bei, najua alikotoka kabla sijajua ana hela ngapi." Yeye mwenyewe ni Mkinga wa Makete, na kama mnavyojua Wakinga Kariakoo ni wenyeji kuliko wenyeji. Begi nililipia elfu ishirini na tano. Ningekuwa mtoto wa Magomeni ningelipa ngapi? Hilo tumwachie Mungu na yule Mkinga.

Iliniuma, na nitawaambia kwa nini. Nilikuja Dar mwaka 2017 kuanza chuo. Wiki ya pili tu, mbele ya watu sita hosteli, nikasema "balabala". Basi. Kwa miaka mitatu jina langu likawa Balabala, hadi siku ya mahafali kuna aliyelipiga kelele. Sisi Wasukuma lugha yetu haina r, kwa hiyo mtoto anaanza shule bila sauti hiyo mdomoni na wengine wanazeeka bila kuipata. Mimi niliitafuta kwa makusudi. Nilijifunza r chumbani, mlango nimefunga, nikirudia kama kasuku: rudi, rafiki, rangi, ratiba. Nikaipata. Nikaingia gazetini, nikahoji mawaziri, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe herufi nimerekebisha lakini wimbo umebaki.

Na kweli ni wimbo. Lugha nyingi za Kibantu, Kisukuma kikiwemo, zina sauti za kupanda na kushuka zinazobadili maana ya neno. Kiswahili kimeacha hilo. Chenyewe kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuendelea na safari. Ndiyo maana tunalo lile neno la kuwatesa wanafunzi: barabara ukikaza "ba" ya mwisho ni njia ya magari, ukikaza "ra" ya kwanza ni sawasawa kabisa. Mtu aliyelelewa na lugha ya kupanda na kushuka anaibeba ile milima yake hadi kwenye Kiswahili, bila kujua. Anaweza kuwa na sarufi safi kuliko mwalimu wako na bado ukamjua ametoka wapi kabla hajamaliza sentensi. Hiyo ndiyo lafudhi. Lahaja ni kitu kingine: huko hata maneno na sarufi vinabadilika, kama Mmombasa wa zamani anaposema "ndia" pale wewe unaposema njia. Watu wanachanganya haya mawili kila siku, hata wahariri.

Ningeliacha jambo hili lipite kama si simu niliyopigiwa siku mbili baadaye.

Mwezi uliopita niliandika habari ya mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini. Ni Mmakonde wa Newala, alifika Dar mwaka 1968 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na amebeba kila kitu ambacho meli inaweza kuleta: ngano, saruji, shaba ya Zambia, mitumba, hadi makontena yalipochukua kazi ya mabega. Nilikaa naye saa mbili Mbagala, kwenye baraza lake, simu yangu ikirekodi. Mzee anasimulia jamani! Anasema "nzigo", "nkono", "ntu". "Ntu nkubwa hakimbii nzigo, anauzunguka." Nilirudi ofisini nikaandika kama tulivyofundishwa: mzigo, mkono, mtu. Nikaondoa "eeh" zake, nikaunganisha sentensi, nikaweka "hata hivyo" na "aidha". Mhariri akanipongeza. Habari ikatoka na picha.

Mzee akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akanishukuru kwa heshima zote. Halafu akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri. Mjukuu wangu kanisomea yote. Lakini huyo anayeongea humo si mimi."

Nimelala na sentensi hiyo siku kadhaa. Maana nilichofanya ni kilekile nilichojifanyia mwenyewe hosteli, ila safari hii nimemfanyia mtu wa umri wa babu yangu bila kumuuliza. Na nilipojiuliza hicho Kiswahili nilichomvisha ni cha nani hasa, ikabidi nirudi kwenye vitabu vya chuo nilivyokuwa nimeviacha kwenye boksi.

Haya, twende pole pole. Kabla ya Dar es Salaam kulikuwa na kijiji cha Mzizima, na watu wa hapa ni Wazaramo pamoja na Washomvi wa pwani. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake hapa, akitaka bandari itakayopokea misafara ya bara. Alifariki 1870 na mji ukalala. Wajerumani wakauamsha, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Kiswahili walichokikuta midomoni mwa watu wa ukanda huu si hiki cha kitabu cha darasa la tatu. Kilikuwa Kimrima, Kiswahili cha pwani ya bara. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta mwenye lafudhi halali ya Dar es Salaam, kama kuna kitu cha namna hiyo, anza na bibi wa Kizaramo anayesema "feza" na "zambi". Yule tunayemcheka!

Halafu wakaja wengine. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kila kituo kilichofunguliwa kilileta midomo mipya mjini. Vita Kuu ya kwanza ikafuata, Waingereza wakauteka mji Septemba 1916, na eneo lile la soko wakalifanya kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Mzungu anatamka hivyo, sisi tukasikia Kariakoo. Hebu tulia hapo kidogo. Soko kubwa kuliko yote nchini, mahali ambapo leo watu wanakosoa matamshi ya wenzao, lenyewe jina lake ni tamko "lililokosewa". Na hakuna anayelirekebisha.

Wale wapagazi walitoka kila kona. Ukitembea Kariakoo leo, vibao vya mitaa vinakusomea orodha: Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili. Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Mahiwa ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini, ambako wapagazi walikufa kwa wingi, kwa njaa na magonjwa zaidi ya risasi. Soko lenyewe tunalolijua, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021, liko katikati ya makaburi ya lafudhi, tuseme hivyo.

Hata neno machinga lina asili ya hivyo. Wamachinga ni watu wa Lindi. Vijana wa kusini walipoingia mjini kwa wingi kuuza bidhaa mkononi, jina la watu wao likawa jina la kazi, na leo Mchagga wa Kibosho akitembeza soksi anaitwa machinga bila kubisha.

Sasa swali ni hili: ikiwa mji mzima ni wa waliokuja na midomo yao, nani aliamua kwamba mdomo mmoja ndio sahihi?

Jibu lina tarehe. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifanya mkutano wa elimu hapahapa Dar es Salaam, na suala la kuwa na Kiswahili kimoja cha shule likawa mezani. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano mwingine Mombasa, na huko ndiko Kiunguja kilipopitishwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha Mombasa kikaachwa, pamoja na kwamba kilikuwa na mashairi ya miaka mingi na wamisionari kama Krapf walikuwa wamekiandikia sarufi tangu 1850. Upande wa Kiunguja ulikuwa na kazi ya Askofu Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka 1870, ulikuwa na biashara ya Zanzibar iliyokwisha kukisambaza hadi Ujiji na Kongo, na ulikuwa na Tanganyika, ambako Wajerumani walikwisha kukitumia Kiswahili katika shule na kwa maakida wao. Sababu za maana, sikatai. Ingekwenda kinyume, leo mhariri wangu angekuwa ananisahihisha kwa wino mwekundu: "Siyo njia, ni ndia!"

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia vitabu na kamusi. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu watupu. Waafrika waliingia miaka mingi baadaye. Na hicho Kiunguja kilichochaguliwa ni cha mjini tu. Watu wa Makunduchi na Tumbatu, ambao ni Waunguja vilevile, waliachwa nje ya mlango pamoja na Mmakonde na Msukuma.

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu ni njama. Mimi ninakula kwa hicho. Mwaka 1947 makuli wa bandari hii walipogoma, mgomo ukapanda na reli hadi bara, na bila lugha moja inayoeleweka na Mzaramo, Mnyamwezi na Mmanyema mgomo ule usingevuka Pugu. TANU ilikuja kuitumia lugha hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, na BAKITA ikaundwa 1967. Wakenya na Waganda wanatuonea wivu na wana haki. Ninachosema ni kwamba kilichosanifiwa mwaka 1928 kilikuwa maandishi na sarufi, kwa ajili ya vitabu. Hakuna mkutano uliokaa ukapitisha wimbo. Sikilizeni hotuba za Mwalimu kwenye rekodi za zamani: huyo si mtoto wa Mjini Magharibi, ni mtu wa Butiama, na hakuna aliyewahi kusema hajui Kiswahili. Orodha ya marais wetu ni darasa zima la lafudhi: Mara, Unguja, Mtwara, Pwani, Chato, halafu Unguja tena, Kizimkazi. Wakati wa Magufuli, Msukuma wa mjini alinyoosha mgongo kidogo. Wenzangu waliokuwa wakiniita Balabala walianza kuniita "mheshimiwa". Utani tu, lakini nilisikia tofauti.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Yule mzee wangu wa Newala anasema "ntu", na Dar nzima inacheka. Lakini Mpemba mwenye duka la vitambaa pale Kariakoo naye anasema "ntu" na "ntoto" anapoongea na mkewe, maana hata Kiunguja na Kipemba cha nyumbani kinageuza ile m kuwa n. Mpemba akisema, tunaambizana, "Unasikia? Hao ndio wenye Kiswahili chao." Sauti ileile! Kwa mmoja ni ushamba, kwa mwingine ni ufasaha. Vivyo hivyo sisi wa Dar tunaosema "samani ya zahabu" badala ya thamani ya dhahabu, hadi mtu hajui tunaongelea bei au makochi, hatujioni kama tuna lafudhi. Tunajiona tuko kawaida. Mnyakyusa, ambaye lugha yake haina z wala v, akisema "fisuri" tunaanguka chini kwa kicheko.

Najua kuna atakayesema, kijana acha unyonge, kucheka lafudhi ni utani, tumekuwa nao tangu mababu. Kweli kabisa, na hapa nataka nieleweke. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na Wazaramo, na asili yake ni misafara: mabwana hao walikuwa wakishuka pwani na mizigo, wakikaa majira mazima wakisubiri, na ule utani ukawa mkataba wa kuishi pamoja. Mtani wako anakucheka unavyoongea, nawe unamcheka anavyokula. Anakudhihaki msibani, halafu yeye ndiye anayechimba kaburi. Huo utani una deni, kila upande unalipa. Kicheko cha dirishani hakina deni.

Nasema dirishani kwa sababu ya baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu kwa miaka thelathini na moja, na somo lake lilikuwa Kiswahili. Ngeli anazijua kama anavyojua ng'ombe wake. Barua zake ukizisoma, hakuna nukta iliyokaa upande. Mdomoni lakini ni Msukuma mtupu: aliwafundisha maelfu ya watoto kuandika "barabara" huku akitamka "balabala", nao wakaandika sawasawa, wakafaulu, mimi nikiwa mmoja wao. Miaka miwili iliyopita macho yalimsumbua nikamleta mjini. Tukapanga foleni kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Dada wa mapokezi akamuuliza anasumbuliwa na nini. Baba akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akaeleza, na katikati ya maelezo ikatoka "tangu mwezi wa Febuali". Dada akairudia, "Febuali!", kwa sauti ya kuigiza, akamgeukia mwenzake. Foleni ikacheka. Si kwa ubaya sana, wale ni watu wamechoka kukaa, wamepata burudani.

Baba hakusema kitu. Lakini tulipoingia kwa daktari, alipoulizwa swali, aliniangalia mimi. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole kabisa. Haikusaidia. Wiki nzima aliyokaa Dar, dukani, kwenye daladala, hata kwa mama ntilie, baba yangu hakumjibu mgeni yeyote. Alinigeukia nimjibie. Mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na moja, katika mji mkubwa kuliko yote unaozungumza Kiswahili nchini, alikaa kimya siku saba. Na mimi, aibu yangu naiweka hapa wazi, nilipokuwa nikimjibia nilikuwa naitumia ile r yangu mpya kwa nguvu zote.

Kuna wenzetu ambao kwao jambo hili si aibu tu. Gazetini nina rafiki kutoka Kasulu, Kigoma. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, zinasikilizana, kwa sababu mpaka ulichorwa na Wazungu juu ya watu walewale. Sasa Muha akifungua mdomo safarini, kuna mtu atakayesikia Burundi. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, rafiki yangu alikuwa sekondari, na anasema nyumbani kwao watu walijifunza kutembea na vyeti. Miaka kadhaa baadaye alikuwa kwenye basi akija chuo, begi limejaa vyeti hivyo hivyo. Kwenye kizuizi akaulizwa maswali mawili, akajibu, akaambiwa ashuke. Akaambiwa aimbe wimbo wa Taifa. Akauimba wote, beti zote. Yule askari akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Unaujua. Lakini unauimba kama Mrundi."

Anaisimulia kama kichekesho na sisi ofisini tumeicheka mara nyingi. Babu yake alikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Amekata mkonge wa nchi hii hadi mgongo ukapinda.

Wanaosoma Biblia wanakijua kisa hiki. Kiko kwenye kitabu cha Waamuzi, sura ya 12: watu wa Gileadi wameshika vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu hawakuwa na ile sh, wakasema "Sibolethi", wakachinjwa pale pale. Elfu arobaini na mbili, kinasema kitabu. Sisi hatujafika huko na Mungu atuepushe. Kizuizi cha rafiki yangu kilimchelewesha saa tatu tu, basi lake likamsubiri kwa huruma ya kondakta. Lakini kanuni ya mtihani ni ileile, na mtahini hajawahi kuulizwa yeye alijifunzia wapi.

Nikarudi kwa mzee wangu Mbagala. Niliona simu haitoshi. Nilipanda gari la Rangi Tatu Jumamosi, na njiani nikawa nafikiria kwamba hata ramani ya mji huu ni ya lafudhi: watu wa kusini wamejaa Mbagala kwa sababu barabara ya Kilwa ndiyo iliyowaleta, kama vile wengi wa bara walivyotua Ubungo, Kimara na Mbezi kwa barabara ya Morogoro. Mtu anajenga pale alipochoka, akiwa bado anaangalia alikotoka.

Nikamkuta barazani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umekuja kunirekebisha tena?" Akacheka yeye kwanza, nikapata pumzi. Nikamwambia nimekuja kumwonyesha kitu. Nikatoa simu, nikamtafutia yale mahojiano, nikaongeza sauti hadi mwisho.

Alikuwa hajawahi kujisikia. Mwanzo alikunja uso, kama wote tunavyofanya, hakuna anayeipenda sauti yake. Mjukuu wake wa kike, mtoto wa darasa la sita, akatoka ndani akasimama mlangoni. Kwenye simu mzee anaeleza siku winchi ilipokatika gatini, mwaka 1974, na nzigo wa saruji ukashuka juu ya kichwa cha mwenzao wa Masasi. Anaeleza jinsi walivyoita, kila mmoja kwa lugha yake kwa sababu hofu haina muda wa kutafsiri: Mmakonde kwa Kimakonde, Mzaramo kwa Kizaramo, na mtu mmoja wa Tabora kwa Kinyamwezi, na yule wa Masasi akaruka pembeni akapona, na hadi anakufa kitandani kwake miaka mingi baadaye hakujua ni kelele ya lugha ipi iliyomwokoa.

Kisa hicho hakikuwemo kwenye gazeti. Nilikikata kwa sababu ya nafasi.

"Hapo," mzee akasema, akinyoosha kidole. "Hapo, rudisha nyuma." Nikarudisha. Akasikiliza tena, kichwa kimeinama. Mjukuu akasogea akakaa karibu yake, akauliza yule aliyepiga kelele kwa Kimakonde alisema nini hasa. Mzee akamwambia. Mtoto akajaribu kulirudia, akalikosea, na mzee akamrekebisha polepole, mara tatu, hadi likakaa.